Mbunifu anayerudisha mitumba Ulaya na swali lake kwa mafundi wa Kitale na Bungoma

ROBOTA la mitumba linapokatwa mikanda sokoni Kitale au Bungoma, nguo zilizomo hupewa vyeo hata kabla hazijatundikwa. Zilizo nzuri kupita zote, ambazo wauzaji huziita "kamera", hunyakuliwa papo hapo na wachuuzi wenye mtaji na wateja maalumu. Za daraja la kati hupigwa pasi na kuning'inizwa. Zinazosalia baada ya wanunuzi kupekua na kupekua tena huitwa "fagia". Hizo humwagwa kwenye turubali na kuuzwa kwa bei ya chini kabisa, na zile ambazo hata kwenye fagia hazipati mtu huishia kuwa matambara ya gereji au takataka.

Anayegawa vyeo hivyo haangalii uzima wa kitambaa pekee. Huangalia chapa, rangi, ukubwa na kile ambacho vijana wa mwaka huo wanakitamani. Kwa hivyo kila robota linapofunguliwa, hukumu kuhusu urembo hutolewa hadharani, na wanaoitoa ni watu ambao hakuna anayewaita wabunifu wa mitindo.

Swali la nani mwenye haki ya kutoa hukumu hiyo ndilo msingi wa kazi ya Bobby Kolade, mbunifu wa mavazi aliyeweka karakana yake jijini Kampala, safari isiyofika siku nzima kwa barabara kutoka Bungoma kupitia Malaba. Kolade amejulikana kwa jambo moja ambalo wengi walipolisikia kwa mara ya kwanza walidhani ni mzaha: huchukua mitumba iliyotoka ng'ambo, akaifumua, akaishona upya, kisha akawauzia watu wa nchi zilezile walioitupa.

Kwa miji kama Kitale na Bungoma, ambako mitumba ndiyo vazi la walio wengi na cherehani ni riziki ya familia nyingi, habari za mbunifu huyo si za kupitisha wakati. Fundi aliyeketi barazani akipunguza kiuno cha suruali iliyotoka Canada anafanya sehemu kubwa ya kazi ileile. Tofauti ya malipo baina ya hao wawili ni kubwa mno, na inafaa kuchunguzwa inatoka wapi.

Pamba iliyokosekana

Kolade alizaliwa Sudan, baba Mnigeria na mama Mjerumani, akalelewa Kampala. Alisomea ubunifu wa mavazi Berlin, akafanya kazi katika nyumba za mitindo za Maison Margiela na Balenciaga mjini Paris, kisha akaendesha lebo yake mwenyewe huko Ujerumani. Mwaka 2018 alirejea Uganda akiwa na nia iliyoonekana nyepesi, nayo ilikuwa kushona nguo kwa pamba ya Uganda.

Nia hiyo iligonga mwamba. Pamba ilikuwapo mashambani, lakini sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa ghafi, na viwanda vya kuisokota na kuifuma vilivyobaki vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kilichokuwa tele, kuliko hata alivyokumbuka tangu utotoni, ni nguo kuukuu. Waganda huziita mivumba, na soko lake kuu ni Owino, katikati ya Kampala.

Hapo ndipo alipogeuza hesabu. Ikiwa kitambaa kinachopatikana nchini kwa wingi ni nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine, basi hicho ndicho malighafi ya nchi, apende mtu asipende. Mwaka 2022 lebo yake ya Buzigahill, iliyobeba jina la kilima cha Buziga kilichoko Kampala, ilizindua mkusanyo ulioitwa Return to Sender, maneno ambayo huandikwa juu ya barua inayorudishwa kwa aliyeituma. Fulana kadhaa hukatwa vipande na kuunganishwa ziwe fulana moja. Suruali za jinzi hupasuliwa na kuwa kitu kingine. Kila nguo huambatana na pasipoti yake, hati inayosimulia ilikotoka na ilikopitia.

Pasipoti hiyo ni utani wenye makali. Mwafrika anayetaka kwenda Ulaya hupanga foleni ya viza miezi kadhaa, pengine akanyimwa, ilhali shati kuukuu la Ulaya huingia Mombasa bila kuulizwa linakwenda kumtembelea nani. Kolade amelipa shati hilo hati ya kusafiria ili lirudi nyumbani.

Falsafa yake, ukiivua mapambo, ina mambo machache. Anakataa kwamba upya ndio uzuri. Anakataa pia kwamba mbunifu wa Kiafrika lazima atambulike kwa kitambaa chenye maua makubwa. Zaidi ya hayo anashikilia kwamba nguo inapaswa kukiri safari yake: mshono wa pili usijifiche nyuma ya mshono wa kwanza. Hilo la mwisho ndilo linalomtenga na fundi wa Kitale, na ndilo lililo gumu zaidi kulikubali huku kwetu.

Kuficha mshono, kuonyesha mshono

Fundi wa kawaida wa mitumba ni bingwa wa kuficha. Mteja humletea koti lililoshonewa mtu mwenye mabega mapana kuliko yake. Fundi hufumua bitana, akaondoa mikono, akapunguza kitambaa begani, akarudisha mikono, akafunga bitana kwa sindano ya mkono. Kazi ikiwa nzuri, hakuna atakayejua kwamba koti liliwahi kuwa la mtu mwingine. Sifa ya fundi huyo imo katika kutoonekana kwake. Anayemtambua ni mteja peke yake, naye hana haraka ya kutangaza kwamba suti yake ilipunguzwa.

Kolade hufanya kinyume. Huuacha mshono uonekane, rangi zigongane, na nembo ya kampuni iliyokatwa katikati ibaki nusu. Macho ya mnunuzi yanalazimishwa kuona kwamba mkono wa mtu umepita hapo. Kwa kuwa mkono umeonekana, mwenye mkono anaweza kulipwa.

Wazo hilo halikuanzia Kampala. Mbelgiji Martin Margiela, aliyeanzisha nyumba yake ya mitindo mjini Paris mwaka 1988, alijijengea jina kwa kufumua nguo za kale na kuzishona upya, hata akatengeneza sweta kutokana na soksi za jeshi. Lebo yake ilikuwa kipande cheupe kisicho na maandishi, kilichoshikizwa kwa nyuzi nne zinazoonekana upande wa nje. Kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mjapani Rei Kawakubo wa Comme des Garçons alikwisha kuwashangaza watazamaji wa Paris kwa sweta zenye matundu ya makusudi. Baadhi ya waandishi wa Ulaya waliziona kuwa matambara. Leo nguo hizo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho.

Kolade alipitia nyumba ya Margiela, hivyo si ajabu kwamba alijifunza lugha hiyo. Alichoongeza ni mahali. Margiela alipofumua soksi za jeshi, alikuwa akifanya mchezo wa fikra katika mji ambao kitambaa kipya kilikuwa tele. Aliye Kampala, Bungoma au Kitale hufumua nguo kuukuu kwa sababu ndicho kitambaa kilichopo. Tendo ni moja, lakini hapa lina njaa ndani yake.

Kiraka na heshima

Mtu akimweleza mama wa Kitale kwamba kuna watu wanaolipa fedha nyingi kwa nguo yenye viraka vinavyoonekana, huenda akacheka. Ana sababu. Katika nchi ambayo mtoto amewahi kurudishwa nyumbani kwa sare chakavu, kiraka si nakshi. Kinatoa siri ya nyumba. Kuvaa vizuri ni kujisitiri macho ya watu, na nguo ya Jumapili hutunzwa sandukuni hata kama ya Jumatatu imeisha.

Desturi hiyo ina mizizi katika historia ya eneo lenyewe. Kitale ulikuwa mji wa walowezi wazungu, na reli iliufikia mwaka 1926. Katika mashamba makubwa ya Trans Nzoia, mavazi yalikuwa mojawapo ya alama za kumtenga bwana na kibarua. Baada ya vita vikuu makabuti ya askari yalivaliwa na raia katika baridi ya nyanda za juu, nayo yalikuwa mitumba kabla neno hilo halijaenea. Mtu aliyetoka katika dhiki hiyo hakutaka watoto wake waonekane wamevaa kilichoachwa na mwingine. Ndiyo maana mitumba hupigwa pasi, hupunguzwa na kuvaliwa kana kwamba imetoka dukani. Wahenga nao walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Msemo huo umelea vizazi vingi katika imani kwamba vazi la mwenzako halitakufaa.

Hata hivyo, utamaduni huohuo una upande mwingine ambao husahaulika. Miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, siku ambayo kijana hutazamwa na watu wengi kuliko siku nyingine yoyote ya ujana wake ni ile ya kutahiriwa, ambayo kwa desturi huangukia Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Siku hizo havai kipya. Huvalia shanga, hupiga chinyimba, zile njuga za chuma, akizunguka kwa jamaa kuwaalika. Mjomba humvisha shingoni luliki, ukanda wa nyama ya ng'ombe aliyechinjwa. Asubuhi ya tohara yenyewe hupakwa udongo wa mtoni mwili mzima.

Udongo na nyama, basi. Hakuna mbunifu wa Paris aliyethubutu kufika huko. Uzuri wa kijana huyo hautokani na bei ya alichokivaa, bali na watu waliokigusa kabla ya kumfikia: mjomba, shangazi, ndugu waliotangulia. Vazi lake linakiri safari yake. Kwa hiyo wazo la Kolade si geni Bungoma kama linavyosikika. Limekuwapo katika sherehe, likakosa kuingia sokoni.

Suti ya nani?

Mjadala wa nani anaamua vazi la heshima umewahi kufikishwa hadi Bunge, na mwenye kuufikisha ni mwana wa Bungoma. Mnamo Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa Moses Wetang'ula, aliyekuwa seneta wa Bungoma kuanzia 2013 hadi 2022, aliwapiga wabunge marufuku kuingia ukumbini wakiwa wamevaa suti za Kaunda au mavazi ya kitamaduni. Vazi lililokubalika kwa mwanamume ni koti, shati lenye kola na mikono mirefu, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Amri hiyo ilitolewa wakati ambapo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa amezoeleka kuonekana katika suti ya Kaunda, vazi lililochukua jina la rais wa kwanza wa Zambia.

Wengi waliona kichekesho, lakini ndani yake mna jambo zito. Miaka 60 baada ya uhuru, kanuni ya vazi la heshima katika Bunge la Kenya ilikuwa bado ile ya karani wa kikoloni. Isitoshe, koti na tai za namna hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi katika robota la mitumba kuliko katika kiwanda chochote nchini. Yaani heshima iliyodaiwa na Bunge, kwa mwananchi wa kawaida, hutoka kwa kamera.

Jaribio la kupata jibu tofauti lilifanywa mwaka 2004, vazi la taifa lilipozinduliwa Nairobi baada ya mashindano ya wabunifu. Lilipokelewa kwa makofi jukwaani, kisha likakosa wavaaji. Haikuwa ajabu. Vazi likitengenezwa na kamati kwa ajili ya kila mtu, mara nyingi hakuna mtu hasa aliyelengwa.

Wengine hukimbilia kitenge kama hati ya Uafrika. Huku nako kuna mtego. Vitambaa vya nta vilivyosambaa Afrika Magharibi kabla ya kuenea kwingineko vilianza kama uigaji wa batiki za Java uliofanywa na viwanda vya Uholanzi, ikiwemo Vlisco iliyoanzishwa mwaka 1846. Kitenge ni chetu kwa sababu tumekipenda na kukipa maana, si kwa sababu kilizaliwa hapa. Mwaka 2017 kundi la wasanii wa Nairobi, Nest Collective, lilichapisha kitabu Not African Enough, likitetea wabunifu wa Kenya ambao kazi zao huambiwa hazina Uafrika wa kutosha kwa kukosa rangi kali na nakshi zinazotarajiwa na watalii.

Kolade anasimama upande huo, lakini kwa hoja yake mwenyewe. Vazi linalovaliwa zaidi Afrika Mashariki leo, anaona, ni mtumba. Ukitaka kushona ukweli wa mahali hapa, anzia hapo, si kwenye picha ya kadi ya posta.

Malakisi, Mbale na hesabu ya tani

Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba inaweza kugeuka kuwa kukubali kushindwa. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tujivunie kushona makombo badala ya kufufua pamba yetu?

Bungoma inalijua swali hilo vizuri. Malakisi, karibu na mpaka wa Uganda, kuna kiwanda cha kuchambua pamba ambacho kwa miaka mingi kimetajwa zaidi katika ahadi za kufufuliwa kuliko katika habari za uzalishaji. Wakulima wa eneo hilo walikwisha kuhamia mazao mengine. Eldoret, umbali mfupi kutoka Kitale, kiwanda cha Rivatex kilianguka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kuzinduliwa upya mwaka 2019 baada ya kuwekewa mitambo mipya. Kisumu, kiwanda cha Kicomi kilichokuwa fahari ya mkoa kilifungwa.

Lawama nyingi hutupiwa mitumba, iliyomiminika baada ya biashara kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni lawama ya kweli lakini si kamili. Wakulima wa pamba walicheleweshewa malipo, mitambo ilizeeka, umeme ulipanda bei, na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia ziliingia pia. Mtumba uliukuta mgonjwa kitandani.

Ukubwa wa biashara yenyewe unatisha. Mwaka 2019 Kenya iliagiza takriban tani 185,000 za nguo kuukuu. Ukizigawa katika marobota ya kilo 45 unapata zaidi ya marobota milioni 4. Kwa kila Mkenya aliyehesabiwa katika sensa ya mwaka huo, ni karibu kilo 4.

Majaribio ya kuzuia mkondo huo yameleta matokeo mchanganyiko. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika, na serikali yao ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu za mpango wa AGOA. Kenya, yenye viwanda vya kushona nguo za kuuza Marekani, ilijiondoa mapema. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa mavazi. Kenya yenyewe ilipiga mitumba marufuku kwa miezi michache mwaka 2020 kwa hofu ya korona, kisha ikalegeza kamba. Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni alitangaza vita dhidi ya mitumba akiwa Mbale, upande wa pili wa Mlima Elgon ukitokea Bungoma, akidai ni nguo za wazungu waliofariki. Masoko ya Uganda yaliendelea kuuza.

Tangazo la Mbale halikuweza kuwaacha watu wa Bungoma wakiwa watazamaji. Mpaka huu haujawahi kuheshimu matangazo. Chepkube, jina ambalo pia limo katika soko la mji wa Bungoma, lilivuma mwaka 1976 na 1977 kwa magendo ya kahawa kutoka Uganda, bei ya kahawa ilipopaa baada ya baridi kali kuharibu mikahawa ya Brazil mwaka 1975. Bidhaa inayozuiwa upande mmoja hupata njia upande mwingine, na mitumba ni rahisi kubebwa kuliko kahawa.

Baina ya marufuku na kukubali tu, njia ya Kolade ni ya tatu, lakini ni nyembamba. Karakana moja haiwezi kupunguza tani 185,000 hata kwa sehemu inayoonekana. Wateja wake wana fedha, nao hununua hadithi pamoja na nguo. Mtu aliyezoea kutoshukiwa umaskini anaweza kuvaa viraka na kusifiwa. Mchuuzi wa Kanduyi akivaa hivyohivyo hataulizwa jina la mbunifu wake. Hilo halimfanyi Kolade kuwa mnafiki, ila linaonyesha mipaka ya kazi yake, na ni haki lisemwe.

Mtazamo wake una manufaa zaidi ukiletwa chini, kwenye meza ya fundi. Kufumua na kushona upya si kuunganisha chochote na chochote. Fulana hunyumbuka, shati la pamba iliyofumwa halinyumbuki. Ukiziunganisha bila kujua, mshono hujikunja au hukatika baada ya kufuliwa mara mbili. Cherehani ya kawaida ya kushona mstari ulionyooka haifai kwa kitambaa kinachovutika, na mashine ya ovaloki huwa na wachache. Uelekeo wa uzi wa kitambaa lazima ufuatwe, la sivyo vazi hupinda likivaliwa. Jinzi nzito hutaka sindano yake na uzi wake. Kisha kuna vipimo: anayeuza mbali hampimi mteja kwa utepe, hivyo lazima nguo kumi zitoke na ukubwa mmoja ingawa zimetokana na nguo arobaini zisizofanana. Hapo ndipo ubunifu unapoacha kuwa maneno.

Mafundi wengi wa Kitale na Bungoma wanayajua haya kwa mikono. Wanaijua pia hali ya wateja wao kuliko mbunifu yeyote wa mbali: kwamba Kitale, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, hutaka koti zito asubuhi, kwamba Bungoma kuna joto zaidi na kitambaa chepesi ndicho huenda haraka, kwamba baada ya mavuno ya mahindi mifuko hufunguka, na shule zikifunguliwa hufungwa tena. Fagia ya Bungoma, yenye makoti mazito yasiyotakikana, ni malighafi ya Kitale. Baina ya miji hiyo miwili kuna biashara ambayo haihitaji mteja wa Ulaya.

Kinachokosekana ni mahali pa kulipia fikra. Bei zinazotajwa barazani ni za kupunguza kiuno, kubadili zipu, kukata upindo, kurudisha kifungo. Kila moja ina kiwango chake kinachojulikana mtaa mzima, na mteja hubishana akishusha. Fundi anayempendekezea mteja achanganye koti la fagia na shati la kamera ili kupata vazi ambalo hakuna mwingine mjini analo hulipwa kwa saa za cherehani tu. Pendekezo lenyewe huenda bure, na mteja akitoka nalo mlangoni nguo hiyo haina lebo ya aliyeifikiria.